Picha za Njiani na Uso wa Mama

Kila mwaka ikifika Siku ya Mama, mwenzenu huwa nazima simu. Si kwa ubaya. Tangu asubuhi watu wanabandika mama zao kwenye status: mama siku ya harusi, mama shambani na jembe begani, mama wa enzi zile na bugaluu na nywele kama kichaka. Halafu kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja lazima atokee mmoja mwenye mdomo wake: "Na wewe mpiga picha mbona hutuonyeshi wako? Unapiga harusi za mji mzima halafu huna picha ya mama yako?" Wanacheka. Nami nacheka nao, maana nikianza kueleza nitaharibu siku ya watu.

Basi leo nieleze. Tumeshakuwa watu wazima, wengine mama zenu nao wameanza kuondoka, nadhani sasa tutaelewana. Mama yangu Zaina alifariki mimi nikiwa mdogo mno, sijafika umri wa kushika sura ya mtu kichwani. Katika utoto wangu wote nilitaka kitu kimoja tu, kumjua mama usoni. Wenzangu waliomba baiskeli na viatu vya sikukuu. Mimi nilimwomba Mungu uso.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, juu milimani upande wa Mlali, kwenye nyumba ya udongo inayotazama bonde. Bibi alikuwa mwema, lakini kwa habari za mama alikuwa bahili kupita kiasi. Nikimwuliza mama alikuwaje, anajibu, "Alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu," kisha anageukia jiko lake na kuanza kupuliza moto ambao wala haukuhitaji kupulizwa. Mzuri! Hata mbuzi wa jirani aliitwa mzuri. Mimi nilitaka kujua pua yake ilikaaje, na akicheka alionyesha meno au aliyaficha. Ukutani kwa bibi hapakuwa na picha hata moja, ila kalenda kuukuu ya duka la mbegu yenye mahindi makubwa makubwa ya kuringia.

Bibi naye alipotangulia mbele ya haki, nilichukuliwa na mjomba Omari. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wa lukolo la kina mama, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Baba yupo, alishaoa kwingine huko Kilosa, alikuja kwenye msiba akanipa peremende akaondoka. Mjomba ndiye aliyenifungia nguo zangu kwenye kitenge, akanishika mkono, tukashuka mjini.

Mjomba alipanga chumba na sebule Mwembesongo. Mke wake alikuwa ameshamkimbia zamani. Alisema hawezi kuishi na mwanamume anayewajua watu wote wa milimani isipokuwa yeye. Na kweli, mjomba alikuwa mpiga picha wa kuzunguka. Siku za magulio alivaa koti lake la kaki lenye mifuko mingi, akapanda milimani na kamera ya mkanda, akawapiga watu picha, mkanda ukijaa anausafishia mjini, wiki inayofuata anawapelekea picha zao. Chumba chake kilinuka picha mpya, ile harufu ya uchachu ambayo watoto wa simu hawaijui. Mimi mpaka leo nikiinusa mahali moyo unashtuka kwanza, ndipo ninakumbuka kwa nini.

Siku ya kwanza tu mle ndani, nikiwa natafuta pa kuning'iniza gauni langu la shule, niliona picha imechomekwa kwenye pembe ya kioo. Mwanamke amejifunga kanga ya zambarau yenye maua makubwa, amebeba mtoto mgongoni, kichwa amekitupa nyuma anacheka, na kiganja amekiweka mdomoni upande mmoja kama anaficha jino. Mtoto haonekani, amefunikwa gubigubi, unaona uvimbe wake tu. Nyuma yao mlango. Ule mlango nilikuwa naujua hata kwa kupapasa, ulikuwa mlango wa bibi, wenye ubao mmoja wa rangi tofauti.

Nilipiga kelele mpaka mjomba akatoka bafuni na povu usoni.

"Mjomba! Huyu ni mama?"

Alisimama akalifuta povu taratibu. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Hiyo kanga mama yako aliipenda sana," akasema.

"Na huyu mgongoni ni mimi?"

Alicheka kidogo, cheko la kukauka, akarudi bafuni. Kwangu mimi hayo yalikuwa majibu tosha. Niliruka ruka mle chumbani kama mwehu. Nilikuwa na mama, ana uso, ana meno, na mimi niko mgongoni kwake nimelala zangu! Usiku nililala na ile picha kifuani, na kesho yake mjomba hakuidai, aliacha niitie kwenye mkoba wa madaftari.

Kuanzia hapo ndipo nilipotaka kujua kupiga picha. Mjomba alifurahi, alidhani nimependa kazi. Likizo zote alikwenda na mimi. Nilibeba mkoba wa flashi na chupa ya maji, nikamfuata kwenye zile njia za kupanda ambazo magoti yanagusa kidevu, katikati ya migomba na mashamba ya njegere. Waluguru wakituona walikuwa wanapiga kelele kutoka kwenye matuta, "Omari, umeoa tena?" Naye anajibu, "Nimeoa bosi!" Mimi nanuna, wao wanacheka.

Picha za kulipiwa zilikuwa na utaratibu wake, mtu anakaza shingo, mikono magotini, anaangalia kamera kama anaangalia hakimu. Hizo mjomba alizipiga haraka haraka. Lakini mwishoni mwa kila mkanda alibakiza nafasi kidogo kwa zile alizoziita picha za njiani. Hizo alizipiga kwa watu asiowajua, watu wa kupishana nao tu, na hakumtoza mtu. Hapo alibadilika kabisa. Alinikataza kunyanyua kamera kabla ya salamu. "Shikamoo kwanza," aliniambia, "halafu muulize ametoka wapi na anaharakia wapi. Akishakujibu utajua upige nini." Kama mama ametoka kuuza kabichi hazijanunuliwa, piga mabega. Kama mzee anawahi kumwona mjukuu mpya, piga miguu. Uso mwisho kabisa, mtu akishasahau kwamba ana uso.

Picha zikishasafishwa, tulizitandaza kwenye mkeka. Mjomba aliniambia nizipange ili mtu ambaye hakuwapo amjue yule mtu. "Ya kwanza imlete," alisema, "ya pili imkalishe tuzungumze naye, ya tatu imwache aende zake." Nikizipanga ovyo hakugomba. Aliuliza tu, "Huyu mama kaja kutoka wapi?" na mimi mwenyewe nikaona kwamba nimemshusha mtu kutoka mbinguni. Nilikuwa mbishi, nilimwambia watu wengine hawana hadithi, wanauza nyanya tu. Alinitolea macho. "Hakuna mtu wa hivyo. Labda wewe ndiye huna masikio."

Siku moja nilimwuliza kwa nini anapoteza mkanda kwa watu wasiomlipa. Alikuwa anafunga viatu. Akasema, akiwa bado ameinama, "Mtu asiondoke duniani bila picha, mama. Ni vibaya sana." Mimi nikaona ni maneno ya kazi, kama muuza dawa anavyosema dawa yake inatibu kila kitu.

Mimi lakini nilikuwa na mradi wangu wa siri. Picha ya mama ilikuwa moja, nayo picha moja haitoshi hadithi, mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kwa hiyo nilikuwa namtafuta mama kwa vipande. Nikiona mikono ya mwanamke mgeni inachambua maharage kwa namna ya kunipendeza, nasema moyoni, mikono ya mama ilikuwa hivi. Nikiona mgongo wa mama fulani unashuka mteremko na kikapu kichwani, nasema huo ndio mgongo niliolalia. Nilimwomba mjomba anipe kamera kidogo, nikapiga. Aliniachia, akajisifu kwa watu kwamba mpwa wake ana jicho.

Nilipopata za kutosha, nikamsubiri mjomba atoke swala ya Ijumaa, nikazipanga kwenye mkeka. Ya kwanza ile ya kanga ya zambarau. Ya pili mikono ya mama wa maharage. Ya tatu ule mgongo unaoshuka. Nikamwambia, "Mjomba, hii ni hadithi ya mama. Huyu anacheka na mimi nikiwa mgongoni, hapa anatupikia, hapa ndiyo anaondoka."

Mjomba alichuchumaa. Aliangalia muda mrefu, mkono umeganda juu ya ile ya tatu. Kisha akanyanyuka, akatoka nje bila viatu, nikamsikia anachota maji kwenye pipa na kuyamwaga, anachota na kuyamwaga. Mimi nikaona nimekosea mpangilio. Nikazichanganya upya, ile ya mgongo nikaiweka mwanzo, nikamwita arudi aone. Hakurudi mpaka magharibi.

Kulikuwa na upande mmoja wa milima ambao hatukuwahi kwenda, upande wa Kinole. Mjomba alisema barabara ni mbaya. Nami niliamini, maana masika zile barabara zilimeza hata magari ya mizigo. Ila alipata kazi ya arusi huko, mtu mkubwa anaoza binti yake, na kazi kama hiyo haikataliwi. Alitaka aniache kwa jirani. Nililia, nikagoma kula, nikamwambia hanipendi, hadi akachoka. "Haya twende," akasema, "lakini usitoke karibu yangu."

Arusi iliisha salama. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, na tulipokuwa tunapita sokoni watu wakamvamia mjomba kila mmoja anataka picha. Akanipa kamera ndogo ya pili nimpunguzie. Pale sokoni kulikuwa na harufu ya mdalasini na karafuu mpaka kichwa kinazunguka, ndizi zimelundikwa, watoto wanamenyana na vipande vya miwa. Nikainua kamera kuangalia tu, nione nani yuko wapi. Nikapitisha kwa wauza mafuta, nikapitisha kwa wauza vyungu, nikafika kwa wauza viungo.

Mama alikuwa amekaa kwenye gunia anauza mdalasini.

Sikushtuka kama mnavyodhani. Nilihisi baridi tu, kuanzia miguuni. Alikuwa amenenepa kuliko kwenye picha, lakini alipocheka na mwenzake wa pembeni alitupa kichwa nyuma vilevile. Nikashusha kamera, nikatembea hadi mbele yake. Salamu nilisahau. Lile swali la umetoka wapi nilisahau.

"Mama," nikasema.

"Naam mwanangu, karibu. Mdalasini wa jana huu, hebu nusa."

"Mama, kwa nini uliniacha kwa bibi?"

Wauzaji wa pembeni wakacheka, wakadhani mtoto wa mjini ana kituko. Yeye hakucheka. Alinitazama vizuri, akaniuliza mimi wa nani. Kabla sijajibu, mjomba akatokea nyuma yangu anahema, kanitafuta soko zima. Yule mama alipomwona akapiga makofi.

"Ala! Omari! Wewe nyang'au bado unatembea? Mimi nilishapanga pilau la msiba wako!"

Hivyo ndivyo watani wanavyosalimiana kwetu. Kwa msiofahamu, kila ukoo wa Kiluguru una ukoo wa watani wake, na mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na huna haki ya kukasirika. Nao ndio wanaobeba kazi nzito za msiba, na wao ndio wanaowachekesha wafiwa ili wasije wakafa kwa kilio. Siku nyingine mjomba angemrudishia matusi ya kutosha. Siku ile alisema tu, "Bi Tatu, nyamaza kidogo. Huyu ni mtoto wa Zaina."

Yule Bi Tatu akaweka mizani chini.

Mimi nilikuwa nimeshatoa picha kwenye mkoba. Nikampa, kama mtu anayetoa cheti mahakamani. Akaishika, na kwa kuwa mdomo wake umezoea utani, ukatangulia kabla ya akili. "Mimi huyu! Loo, nilivyokuwa mwembamba! Na boga langu mgongoni!" Hapo akaniona usoni, akaishusha picha.

"Boga gani?" nikauliza.

Nikauliza tena kwa sauti, na sasa soko zima lilikuwa linatuangalia. Bi Tatu akanivuta akanikalisha kwenye gunia lake. Harufu ya mdalasini ilinijaa puani, mpaka leo chai yake siitaki.

"Mwanangu," akasema, "mimi siye mama yako. Wakati ule nilikuwa nimeolewa kule Mlali, na ninyi ni watani wetu. Siku ya kumzika mama yako watu walikuwa wanalia kilio kibaya, maana alikuwa kijana. Bibi yako alikuwa amezimia mara mbili. Kazi yangu kama mtani ni kuwatoa watu pale. Nikaingia ndani nikachukua kanga ya marehemu, nikajifunga, nikabeba boga mgongoni kama anavyokubeba wewe, nikatoka nje namwigiza anavyotembea na anavyocheka. Watu wakaanza kucheka huku wanalia. Ndipo huyu akafika."

Alimaanisha mjomba. Mjomba alikuwa amesimama anaangalia viatu vyake.

"Alikuwa huko bondeni kwenye arusi za watu," Bi Tatu akaendelea. "Habari zimemfikia, amekimbia milima yote hiyo, anafika tumeshazika. Sisi Waislamu hatumlazi maiti. Akatupa mkoba chini akasema, Tatu, simama hapo hapo. Akanipiga hiyo."

Kinyozi hajinyoi, ndivyo wahenga walivyosema, na mimi niliusikia ule msemo shuleni nikaandika insha nikapewa vema. Pale ndipo nilipouelewa. Mjomba wangu aliwapiga picha watu wote wa milima ile, wauza kabichi, wazee wa misikiti, vichanga vya watu asiowajua. Dada yake mwenyewe aliyemwahidi kila mara "nikija safari ijayo nitakupiga" hakumpiga hata moja. Alichopata ni mtani aliyejifunga kanga yake na boga mgongoni.

Nilimwambia Bi Tatu, "Basi mwigize tena nimwone." Nilisimama kabisa nikamshika mkono kumvuta. Akatikisa kichwa.

"Utani una siku yake, mwanangu. Siku ile ilikuwa haki yangu. Leo nikimwigiza nitakuwa namdhihaki. Halafu mtani hatoi mtu alivyo, anamzidisha ili watu wacheke. Mama yako alifunika mdomo kidogo tu, mimi nikafunika kama mlango."

"Kwa hiyo hata cheko si lake?"

"Lake liko mle ndani," akasema, "lakini mimi na wewe hatuwezi kulitoa." Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakutaka kuniambia. "Siku ile ulikuwa mapajani kwa shangazi zako. Huyu alipokwisha kunipiga picha, uliiona ile kanga ukachoropoka, ukaja mbio, ukaning'ang'ania miguu unaniita mama. Ukataka kupanda mgongoni, boga likaanguka likapasuka. Nilishindwa kuendelea, nikakaa chini nikalia na mimi, mtani mzima. Tangu siku ile sijaigiza marehemu mwingine. Wakiniita nabeba maji, nachanja kuni, napika, kuigiza nimeacha."

Alinifungia mdalasini kwenye gazeti. Sikuupokea. Mjomba akaupokea kwa ajili yangu, akasema asante kwa sauti ambayo sikuijua.

Tulishuka kwa miguu kwenda kusubiri gari barabarani. Mimi nilitangulia mbali mbele, hasira zimenijaa mpaka sioni njia. Nilijiona mjinga wa wajinga. Nilikuwa na mama kwa miaka, nimemlalia, nimemwonyesha ripoti zangu za shule, kumbe namwonyesha mwuza mdalasini. Na mimi mwenyewe mgongoni, mimi niliyelala vizuri kwenye mgongo wa mama, nilikuwa boga! Wallahi sijawahi kujionea huruma kama siku ile.

Penye kona mjomba akaniita. Sikugeuka. Akaniita kwa jina langu kamili, nikasimama. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara juu ya majani, kamera imening'inia shingoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi," akasema. "Siku ile uliruka mpaka taa ikatikisika. Nikasema nitamwambia kesho. Ikawa kila siku kesho."

"Basi niambie sasa. Wewe ulimwona, mmekua naye. Alikuwaje?"

Akafumba macho, kama anavyofanya akitaka kupima mwanga. Akasema alikuwa mweusi wa kung'aa kama bibi. Akasema alikuwa mfupi, alimfika yeye begani, na alikuwa na hasira za karibu kama zangu. Nikamwambia sitaki hayo, nataka uso. Pua je? Akasema pua ya kwetu. Na macho? Makubwa, madogo, yaliingia ndani au yalitoka nje?

Kope za mjomba zilikuwa zinacheza huku zimefumbwa, nikaona anatafuta. Nikasubiri. Mimi nilikuwa tayari kusamehe kila kitu, apate tu yale macho aniambie.

"Nikifumba macho anakuja Tatu," akasema mwishowe. "Nimeitazama ile picha kila siku tangu alipozikwa. Nilijua inanitunzia dada yangu. Imemfuta. Mdomo ni wa Tatu, macho ni ya Tatu. Sijui tena, mama. Sijui."

Nilikwenda nikakaa karibu yake. Hasira sijui zilikwenda wapi. Tulilia pale wote wawili, kwa sauti, mtu na mjomba wake, na watu wanatupita wanatoka gulioni na vikapu vyao. Wengine walisema pole wakapita. Mzee mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi begani akasimama.

"Poleni jamani. Mmefiwa?"

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

"Na nani?"

"Dada yangu. Mama yake huyu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mnawahi mazishi?"

Mjomba akanitazama, kisha akamtazama yule mzee.

"Hapana, baba. Tumeshamzika."

Kule chini lori la kukusanya ndizi lilikuwa linapiga honi. Mzee aligeuka akaliangalia. Halafu akautua mkungu wake kwenye majani, akakaa kando yetu kama watu wanavyokaa msibani. Lori likaja, likapunguza mwendo mbele yetu, likaondoka, na yeye hakunyanyuka.